Naomba ushauri: mdogo wangu na kubeti, akae soba (nyumba ya kuachia uraibu) au atibiwe akitokea nyumbani?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 27, fundi umeme mzuri tu, ila kubeti kumemmaliza. Alianza na mikeka ya jero, yaani kubashiri mechi kwa mia tano, siku hizi ni kile kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu, usiku kucha. Juzi tumegundua ana mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na drili ya kazi kaiweka bondi.

Mama anataka akae soba miezi minne. Mimi nasita. Soba ninazozijua zimezoea vijana wa unga na pombe, na huyu hana arosto ya aina ile, yale mateso ya mwili mtu akikosa dozi. Simu watamnyang'anya, sawa, lakini siku akitoka atarudishiwa, na kibanda cha kubetia kiko jirani kabisa na geti letu.

Kliniki ya afya ya akili angekwenda na kurudi, afundishwe kuyashtukia yale mawazo ya "hela yangu lazima irudi", huku anafanya kazi na kulipa madeni. Mshahara naweza kumshikia mimi, ameshakubali. Tatizo ni saa nane za usiku, nani atamlinda?

Wiki hii katamka kwamba bora afe. Kwa hilo kesho asubuhi nampeleka hospitali, halingoji ushauri.

Ninaloomba ni kwa waliouguza mtu wa kamari: kipi kilisaidia? Na kama ni soba, mliwauliza nini kabla ya kulipa?