Leni moja ya barabara ya Jomo Kenyatta, Kisumu, imefungwa wiki ya sita, na mfanyakazi hayupo!

Wazee, nimenyamaza hadi nimechoka. Mimi ni wa tuktuk, Kondele kwenda mjini na kurudi. Wiki ya sita hii leni ya kushoto karibu na Kibuye imefungwa "kwa muda", eti inatengenezwa njia ya wanaotembea kwa miguu. Njia yenyewe siipingi. Mamangu hushuka hapo na magunia yake na ameshapigwa kikumbo na bodaboda kwa kukosa pa kupita. Ninachopinga ni mtu kufunga barabara halafu akaenda kwake kulala.

Wiki iliyopita niliamua kuhesabu. Jumatatu, watu wawili: mmoja amejilaza kwenye toroli, mwingine analinda mawe. Jumanne hakuna mtu. Jumatano wakaja, wakasogeza utepe mbele hatua kama ishirini, wakapotea. Alhamisi mvua ya alasiri ikajaza mtaro waliouchimba na sasa vyura wana kwao.

Mteja mmoja akanituliza: "Omera, vumilia, zege linakauka." Zege gani? Kabla ya tuktuk nililaza kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika njia, miaka minne. Zege hapo ni la kushikilia mawe ya ukingoni tu, na hayo yalisimamishwa wiki ya kwanza kabisa, nikiona. Iliyobaki ni kushindilia kokoto, kutandaza mchanga, kupanga kabro, kufagia mchanga uingie kwenye nyufa. Kabro hazingoji kukauka! Kipande ulichokimaliza asubuhi, jioni watu wanakikanyaga. Na zenyewe zimerundikwa palepale, nyasi zimeshaanza kuota katikati.

Nilikuwa naenda raundi kumi na nne kwa siku. Sasa nikifika tisa nashukuru Mungu, na mwenye tuktuk pesa yake haijui habari za utepe. Jumapili ndiyo usiseme, soko la Kibuye limefurika, matatu zinabanana kwenye leni moja, mikokoteni imo humohumo, makanga anamtukana mwenye mkokoteni na mwenye mkokoteni anajibu vizuri zaidi.

Lakini hata hayo ningeyameza. Kilichonitoa kwenye kunyamaza ni mzee mmoja asiyeona, hupita hapo karibu kila siku na fimbo yake nyeupe. Utepe umefungwa juu, usawa wa kifua. Fimbo ikapita chini ya utepe, ikapapasa hewa, na mguu ukawa tayari umeinuliwa. Mama wa nyanya akamdaka kwa koti. Kifungo kimoja kikaruka mtaroni. Mzee akauliza, "Nani amechimba hapa?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Na hilo ndilo swali langu pia. Hakuna bango la mradi. Hakuna jina la mkandarasi, hakuna tarehe ya kuanza wala ya kumaliza, hakuna namba ya kupiga. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mimi naomba habari ndogo kabisa: ni siku gani mtaondoka? Mkiandika hata kwa makaa kwenye ubao, nitashukuru.

Usiku ndiyo hatari kabisa. Badala ya taa wameweka matawi ya mti. Dereva yeyote wa Kenya akiona matawi anajua mbele kuna gari limeharibika, kwa hiyo anatafuta lori, hatafuti shimo.

Kesho saa mbili asubuhi napiga picha za huo mtaro, na za nyasi kwenye kabro. Mliopita hapo usiku, na nyinyi wenye vibanda upande wa soko, wekeni zenu hapa chini, muandike na tarehe. Na kama kuna aliyemwona mwenye hii kazi kwa macho yake, aseme alivaa nini.