Tupeane uzoefu: ulipataje keria ya juu ya gari lako kwa hela ndogo?

Mkulima, Kilolo (Land Cruiser 75)

Wakuu, habari za leo. Kila msimu wa mavuno naulizwa na watu wawili watatu kuhusu keria, na kila mara nawaona wanaelekea kwenye kosa lilelile nililofanya mimi. Nimeona bora tuyaweke yote mahali pamoja. Kila mmoja aseme ana gari gani, alitumia kiasi gani, na nini kilimharibikia. Hilo la mwisho ndilo nalitaka zaidi, maana picha za keria mpya zinazong'aa tumeshaziona za kutosha.

Naanza na yangu. Gari ni Land Cruiser 75 ile ndefu, nabebea mbegu za viazi, mbolea na watu. Mwaka juzi niliulizia keria ya aluminiamu inayotoka Afrika Kusini, nikatajiwa hela ambayo kwangu ni ekari ya viazi kuanzia kulima mpaka kuvuna. Nikaenda kwa fundi wa mageti. Ni fundi mzuri, mageti yake yamesimama miaka. Lakini na keria aliijenga kama geti: bomba za mraba za inchi moja na nusu, unene milimita 3, na chini akafunika bati zima la chuma. Siku ya kuipandisha tulikuwa wanaume sita. Baadaye niliipeleka kwenye mzani wa mahindi, ikasoma kilo 118. Hiyo ni tupu, hakuna hata gunia moja juu yake.

Wiki ya pili nashuka mlima Kitonga, nimeweka magunia matatu juu. Kwenye kona gari likalala upande wa bonde, kama kawaida ya gari refu, ila likachelewa kurudi. Huko kuchelewa kurudi ndiko kulikonitisha. Nilifika chini mikono imelowa, nikapaki pembeni, nikateremsha magunia yote nikayasukumia ndani kwa abiria. Tangu siku hiyo kitu kizito hakipandi juu.

Ya pili nilitengeneza kwa kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye magari ya watalii. Bomba za mraba milimita 25, unene 1.5. Urefu wa keria sentimita 220, upana 125, vyuma vya kukatiza saba, hakuna bati chini. Bomba tano zilitosha. Hesabu yangu ilikuwa hivi: bomba 110,000, chuma cha miguu na bolti 60,000, fundi 120,000, praima na rangi 35,000. Jumla shilingi 325,000 za Tanzania. Kwenye mzani ule ule ilisoma kilo 36, na watu wawili tunaishusha bila kupumzika.

Jambo moja nililing'ang'ania, nalo ndilo naomba mlishike: miguu ya kuishikilia keria kwenye gari iwe minane, si minne. Ukiwa na hela kidogo, iende kwenye miguu kwanza. Rangi, taa na ngazi ya nyuma vitakuja baadaye.

Mfuga nyuki, Sikonge (Land Rover 110)

Shikamooni wakubwa. Kaka wa Kilolo, hapo kwenye miguu umenigusa pabaya.

Mimi nilinunua keria iliyotumika, ilitolewa kwenye Land Rover nyingine iliyokuwa inachinjwa spea. Nililipa 150,000 nikajiona nimeokota. Ilikuwa na miguu sita, lakini miwili ya katikati ilishakatwa, ikabaki minne ya pembeni. Nikasema itatosha, mizinga si mizito.

Kwenda, mizinga kweli haikuwa mizito. Kurudi nikapakia asali juu, ndoo nane za lita 20. Kichwani nikapiga hesabu kama ya maji, lita 20 kilo 20, nane kilo 160. Asali si maji. Lita moja ya asali ina kilo moja na gramu 400 hivi, kwa hiyo kila ndoo ilikuwa kama kilo 28, na zote kama 224. Mimi ni mfuga nyuki, asali naipima kila siku kwa mzani, lakini siku ile kwenye kupakia nilihesabu ndoo, sikuhesabu kilo.

Barabara ni ile ya vumbi yenye vijituta vya mfululizo vinavyotetemesha gari mpaka meno. Baada ya saa moja nikaanza kusikia mlio, kama mtu anapasua kuni ndogo kwa mbali. Nikasimama. Ule mfereji wa maji unaopita juu ya milango, pale mguu wa nyuma kushoto ulipobana, ulikuwa umefunguka kama kopo la samaki. Mguu ulikuwa unaning'inia na ukingo wa bodi umekunjwa kwa nje. Aluminiamu ya Land Rover ikishapasuka si kila fundi ataichomea. Nilizunguka wiki nzima kumpata mwenye gesi na vijiti vyake, na hiyo kazi ilinigharimu zaidi ya keria yenyewe.

Sasa nina miguu minane, na chini ya kila mguu nimeweka kipande cha mpira wa tyubu ya lori, ili chuma kisikae juu ya bodi moja kwa moja. Asali inasafiri ndani, chini, karibu na ekseli. Juu ni mizinga mitupu, mavazi ya kurinia na magodoro.

Kijana wa Nairobi (Prado 120)

Habari wadau. Gari langu halina ule mfereji wa maji, lina reli mbili za kiwandani juu. Kwa hivyo hadithi yangu ni tofauti kidogo.

Nilikuwa nimepanga kuunda keria kamili kwa mafundi wa jua kali. Mzee mmoja wa spea pale Kirinyaga Road akaniuliza unabeba nini. Nikamwambia hema, godoro, meza ya kukunja, mara mbili tatu kwa mwaka. Akaniambia basi wewe huhitaji keria, unahitaji vyuma viwili vya kukatiza. Akanitafutia viwili vilivyotumika, pamoja na vibano vyake na funguo, shilingi 7,500 za Kenya. Nimevitumia miaka mitatu. Nikirudi safari navivua dakika kumi, navilaza nyuma ya mlango.

Shida ilikuwa mluzi. Kuanzia kilomita 70 kwa saa vilikuwa vinapiga mluzi mmoja mrefu hadi mtoto akalia. Nikaambiwa nizungushie kamba kila chuma, mizunguko iliyoachana kama nyoka kwenye mti. Sikuamini, lakini nilijaribu na mluzi ukaisha. Sababu ni kwamba upepo ukipita kwenye chuma chenye uso laini hujikunja kwa mpigo mmoja ule ule, na huo mpigo ndio sauti. Kamba inauvunjavunja.

Halafu pimeni kimo cha gari baada ya kufunga, muandike kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva. Mimi niliingia maegesho ya chini ya jengo moja nikiwa na hema juu, nikalisahau kabisa. Boriti ililikumbuka.

Fundi wa kuchomelea, Arusha

Nawashukuru kwa mada hii. Niseme ya upande wetu, maana wateja wengi wanatusimamia bei tu na hawatusimamii kazi.

La kwanza, msikubali fundi achomee keria ikiwa juu ya gari. Mteja anaona ni rahisi kwa sababu vipimo vinakaa sawa. Lakini cheche zinaruka kwenye kioo na zinaganda. Mwezi ujao ukipitisha kidole kwenye kioo cha mbele utahisi vipele, na kwenye rangi ya bodi kila kipele kitakuwa doa la kutu. Inaruhusiwa kushikiza vidoti viwili vitatu ili vipimo visihame, bodi ikiwa imefunikwa blanketi lililoloweshwa maji na betri imefunguliwa vichwa vyote viwili. Gari lenye kompyuta, hata vidoti hivyo sivitaki. Napima, nashusha, nachomea chini.

La pili ni maji ndani ya bomba. Aliwahi kuja mteja akaniambia kila akifunga breki anasikia kitu kinakimbia juu ya kichwa chake kutoka nyuma kwenda mbele. Alishakagua mizigo yote. Nikapanda, nikagonga bomba la pembeni kwa spana. Nusu ililia kengele, nusu ililia kama gogo. Nikatoboa tundu la milimita 6 kwa chini, yakamwagika maji ya rangi ya chai ya rangi, yakachukua muda kuisha. Bomba lilikuwa limeliwa kutokea ndani na nje rangi bado nzuri kabisa. Mvua iliingilia kwenye kiungo kimoja ambacho hakikuzibwa kikamilifu. Kwa hiyo zibeni ncha zote, na bado mtoboe vitundu vidogo upande wa chini. Maji yataingia tu, muhimu yapate pa kutokea.

La tatu linatuhusu mafundi wenyewe. Bomba la gavanaizi, lile lililopakwa zinki, halishiki kutu haraka, ni kweli, lakini likichomwa linatoa moshi mweupe mzito. Ukiuvuta mchana, jioni mdomo una utamu wa chuma, usiku unatetemeka kama una malaria. Tumezoea kunywa maziwa. Nami nimeyanywa miaka mingi, ila maziwa yanakwenda tumboni na moshi uko kifuani. Dawa ni kupiga grainda zinki yote kwenye kiungo kabla ya kuchoma, kufanyia kazi nje, upepo ukipita ubavuni. Mteja, ukiona fundi anachukua nusu saa kusaga kabla ya kuwasha mashine, usimharakishe. Baadaye viungo vipakwe rangi ya zinki.

Mwenyeji wa Muscat (Land Cruiser 80)

Salaam aleikum. Huku kwetu vyuma vyote utavipata Wadi Kabir, na mimi nilitengenezesha keria ya aluminiamu kutokana na mabomba yaliyobaki kwenye kazi ya madirisha. Nyepesi sana, na kutu haiijui. Lakini aluminiamu ya madirisha ni laini. Chuma kimoja kilipasuka palepale kwenye weldingi, kwani joto la kuchomea huilegeza. Nikabadilisha, viungo vyote nikavitia bolti na vipande vya kona, hakuna kuchomea tena. Hadi leo nzima.

Kwenye mchanga wa jangwa la Wahiba mimi keria huiacha nyumbani. Ukipanda tuta kwa ubavu na una uzito juu, gari inakutafutia pa kulalia.

Mgeni, Dodoma (Jimny)

Samahani wakuu, mimi nina Jimny mpya, ile yenye umbo la boksi. Nimeona ina mfereji wa maji kama Land Cruiser. Je, naweza kufunga keria kamili na tairi la pili juu?

Mkulima, Kilolo

Karibu mkuu. Mfereji unao, kufunga inafungika. Ila soma kitabu cha gari, Suzuki wameandika kilo 30 juu ya paa, na ndani ya hizo 30 keria nayo imo. Ukitengeneza ya chuma kama yangu umeshapitiliza kabla hujaweka hata kofia. Kwa Jimny, fuata njia ya kijana wa Nairobi, vyuma viwili vyepesi, juu uweke nguo na hema. Tairi libaki mlango wa nyuma lilipo.

Na mafuta pia angalia. Dumu la chuma la lita 20 likijaa dizeli linafika kilo 21 hivi pamoja na dumu lenyewe. Mawili tu, umemaliza.

Mfuga nyuki, Sikonge

Kaka, tupe vipimo vya mguu wako, nataka kubadilisha miwili ya mbele.

Mkulima, Kilolo

Dada, mguu wangu ni chuma bapa cha upana wa milimita 50, unene 5. Kwa chini umekunjwa ndoano inayoingia kwenye mfereji, urefu wa ndoano sentimita 12 ili uzito usambae. Kwa nje kuna kipande cha pili kinachobana kutokea chini ya ukingo, bolti mbili za milimita 8, nati za kujifunga zenye nailoni ndani. Ndoano ikunjwe kwa moto, isikunjwe kwa nyundo ikiwa baridi, inaweza kupasuka kwenye kona. Jaribu kwanza kwa kukata umbo la kadibodi, ulipachike kwenye mfereji wako, maana wa Land Rover si sawa na wa kwangu.

Ukishafunga, endesha kilomita 100 ukaze upya nati zote. Kisha kila kabla ya safari ndefu. Mimi Alhamisi naenda Mafinga, kesho jioni nitapitisha spana. Mbili za nyuma kulia ndizo hulegea kwanza, upande ninaofungia majembe.