Bunduki ndiyo iliyotushinda, au tunaisingizia?

Mleta mada

Wakuu, kila tukigusa habari za ukoloni hakosekani mtu wa kusema "wao walikuwa na bunduki, sisi mikuki, basi." Jibu la kivivu hilo. Hoja yangu naiweka hapa, anayebisha aje na tarehe: bunduki peke yake haikutushinda. Tulishindwa kwa sababu hatukuwa na mahali pa kupata risasi ya kesho, halafu njaa ikamaliza kazi.

Chukueni Lugalo, Uhehe, tarehe 17 Agosti 1891. Emil von Zelewski anaongoza askari wa Wajerumani, ana mizinga na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Msafara umenyooka njiani, kila mtu na mgongo wa mwenzake, na silaha nzito zimefungwa juu ya punda. Wahehe wa Mkwawa wamelala vichakani, mikuki mkononi. Walipoinuka, vita ikawa ya kifua kwa kifua. Bombomu ina faida gani ikiwa bado ni mzigo wa punda? Zelewski aliuawa, askari zaidi ya 200 walibaki palepale, na bunduki zao zikachukuliwa na Wahehe.

Isandlwana, Afrika Kusini, vilevile, Januari 22, 1879. Wazulu, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, waliua watu zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza, jeshi lililobeba bunduki za kisasa za Martini-Henry.

Mbishi wa Haki

Mkuu, unahesabu mechi ulizoshinda tu. Omdurman, kule Sudan, umeiruka kwa nini? Septemba 2, 1898, jeshi la Khalifa Abdullahi lilikwenda uwanjani mchana kweupe kukabili Maxim, aina ya bombomu, na mizinga ya Kitchener, jenerali wa Waingereza. Kwa Khalifa walikufa watu 10,000 na zaidi, kwa Kitchener 48. Hapo njaa iko wapi?

Na Lugalo umeikata katikati. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi, wakaipiga mizinga ngome ya Mkwawa pale Kalenga, ikaanguka. Na Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Maji Maji, ile vita ya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani, waliivamia boma ya Wajerumani ya Mahenge, bombomu zikawafyeka kabla hawajaufikia ukuta.

Mleta mada

Kalenga ilianguka, lakini Mkwawa hakuanguka nayo. Alipigana porini mpaka Julai 1898, akajipiga risasi mwenyewe kuliko kukamatwa. Ngome imebomolewa kwa mizinga, vita inaendelea miaka karibu minne. Hiyo mizinga iliamua nini?

Maji Maji ndiyo kabisa. Mahenge bombomu iliua, sikatai. Ila vita ile haikuzimwa na bombomu. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala na mashamba, watu wakaisha kwa njaa. Makadirio ya waliokufa hutofautiana, kuanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi yoyote. Kiberiti kiliua kuliko bombomu.

Fundi Mitutu

Wote wawili mnasema "bunduki" kama vile ni kitu kimoja. Gobore na Maxim ni ndugu wa mbali sana.

Gobore unaisimamisha, unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa au nyuzi, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena, unaweka baruti kidogo kando ya gumegume, jiwe la kutoa cheche, ndipo unalenga. Mikono iliyozoea hupiga mara mbili, labda tatu kwa dakika, na mvua ikinyesha unabaki na rungu refu. Maxim, iliyobuniwa mwaka 1884, inatema risasi kama 600 kwa dakika hiyohiyo.

Ndiyo maana wawindaji wengi hawakuutupa upinde hata gobore zilipojaa kwenye biashara ya pembe. Wawata, na Wakamba pia, waliua tembo kwa mshale uliopakwa sumu ya mti wa Acokanthera iliyochemshwa mpaka ikawa kama lami. Sumu ile husimamisha moyo, na mshale haupigi kelele ya kutawanya kundi. Porini upinde ulikuwa silaha bora kuliko gobore. Mbele ya boma lenye bombomu na uwanja uliofyekwa, hapana.

Mbishi wa Haki

Fundi amenipa silaha. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels. Kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, wakazuia bunduki za kisasa, zile zenye mifereji ndani ya mtutu, zisiingie Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Gobore zikaachwa ziuzwe, kwa masharti. Mkuu, kama bunduki haikuwa na uzito huo, kwa nini waliketi mezani kuizuia?

Menelik, mfalme wa Ethiopia, alizipata: kutoka Ufaransa, Urusi, hata Italia yenyewe. Machi 1, 1896, Adowa, Waitalia wakapigwa.

Mleta mada

Mkataba huo ni shahidi wangu, si wako! Walizuia njia ya kuzipata. Menelik alikuwa na mlango wa kununulia. Samory Touré, mtawala wa Afrika Magharibi, alikuwa na wahunzi waliofua bunduki za kisasa kwa nyundo, moja moja, nao ni mafundi wa kuheshimiwa. Alisumbuana na Wafaransa tangu 1882 mpaka wakamkamata 1898. Bunduki alikuwa nazo. Kiwanda hakuwa nacho.

Mbishi wa Haki

Bunduki bila risasi ni fimbo, kwa hiyo risasi ni sehemu ya bunduki. Unaitenganisha ili ushinde mjadala.

Mleta mada

Basi nijibu hili moja. Tuseme mwaka 1905 watu wa kusini wangekuwa na bunduki za kisasa za Mauser 1,000 na risasi tele. Maghala yasingechomwa? Mimi nasema yangechomwa vilevile, pengine mapema zaidi. Anayesema la, atueleze yangelindwa na nani wakati vijana wako vitani.