Nani kamwambia fundi kwamba boti ya alumini ni choo?

Wakuu, uzi ni mrefu, mnivumilie. Nina siku tatu silali vizuri, na nyumbani hakuna wa kumlalamikia, maana jibu la mke wangu ni moja tu: "Si nilikwambia?"

Nina kiboti cha alumini, futi 18, injini ya nje ya farasi 40. Wikiendi kinapeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapa Dar, siku nyingine kinaelea Kunduchi. Ni cha mtumba, lakini tumbo lake lilikuwa zima kabisa. Tatizo lilikuwa sura: utando wa kijani na kahawia pale maji yanapoishia, michirizi ya kutu mbele kutokana na mnyororo wa nanga, na ule unga mweupe unaotoka alumini ikikaa chumvini. Abiria wakikiona wanaanza kunong'ona. Madoa tu. Narudia, MADOA TU.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, jina naliacha. Kwa mashua za mbao jamaa ni mtu hasa. Kalafati yake, yaani kuziba nyufa za mbao, haipitishi tone, na akimaliza kupaka shahamu unaona mwenyewe kazi imefanyika. Kosa langu ni hapo, nilidhani anayejua boti anajua boti zote. Tukaelewana laki tatu na nusu, nusu nikampa mkononi. Bamvua lilipokuja, maji yamejaa sana, tukakivuta juu mchangani, mimi nikaenda zangu kazini Posta.

Narudi saa kumi jioni, harufu nimeipata kabla sijaiona boti. Inachoma pua, koo linakauka. Kijana wake yuko pekupeku, hana glovu, mkononi ana dumu la ile asidi ya kusafishia vigae na vyoo. Hajaizimua hata kwa kikombe cha maji. Anamimina, anasugua kwa brashi ya waya, alumini inachemka na povu la kijivu linateremka mchangani. Nauliza hii nini, fundi mwenyewe ananijibu kwa kujiamini, "Bosi, tulia, hiyo inatoa uchafu wote." Uchafu gani! Ile ilikuwa boti yenyewe inaondoka. Nikamvuta yule dogo nikammwagia miguu maji ya kunywa niliyokuwa nayo kwenye gari, vidole vilishaanza kuwa vyeupe. Bosi wake anacheka.

Alumini hailiki hovyo kwa sababu ina ngozi nyembamba mno inayojijenga yenyewe ikigusana na hewa. Asidi ya vigae ni ya kloridi, inaivua hiyo ngozi kisha inachimba vitundu. Brashi ya waya nayo inaacha chembe za chuma, kesho zinaota kutu juu ya alumini, kwa hiyo doa ulilolipia litoke unarudishiwa jipya. Halafu wakasuuza kwa nini? Kwa ndoo ya maji ya bahari. Kloridi juu ya kloridi!

Boti ikageuka kijivu chenye mabaka meusi. Fundi akaja na wazo la pili: "Kesho tunapiga kostiki soda, itang'aa kama kioo." Hapo nilikaa chini. Mama yangu hajasoma kemia hata siku moja, lakini ukitia magadi kwenye sufuria yake ya alumini atakufukuza jikoni, anajua sufuria inakuwa nyeusi. Sasa magadi ni mpole. Kostiki inaila alumini waziwazi, inatoa na gesi ya haidrojeni ambayo cheche moja tu inaiwasha. Asidi kali inaila, kostiki inaila, na huyu alitaka kuipitisha kote kote kama anapika mchuzi.

Kostiki nilikataa. Nikasema suuza kwa maji ya bomba, uache hivyo. Siku ya pili sikwenda, ndiyo nikaharibikiwa kabisa. Kurudi, nakuta tumbo lote limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia viumbe wa baharini, kopo lililobaki kwenye boti ya faiba ya mteja mwingine. Ina shaba. Shaba kwenye alumini ndani ya maji ya chumvi ni betri, na anayeliwa ni alumini. Vipande vya zinki vilivyofungwa nyuma viliwe badala ya boti navyo kavipaka rangi vyote viwili, kwa hiyo havifanyi kazi. Na mimi, kwa uchovu na haraka ya wateja, nikairudisha majini hivyo hivyo. Hilo ni langu, nalikubali.

Wiki tatu baadaye asubuhi nakuta maji ndani, kisigino kinazama. Nikaivuta tena, nikajaza maji ya bomba ndani, nikalala chini yake na tochi ya simu. Kando ya riveti ya nne kutoka nyuma tone likajikusanya polepole, likaning'inia, likadondoka shavuni kwangu. Nikakwangua rangi kwa ukucha: vitundu vimejaa unga mweupe, nikitia njiti ya kiberiti inaingia.

Nikampigia. "Mzee, alumini za siku hizi feki." Halafu anadai bakaa yake, laki moja na elfu sabini na tano!

Kazi yenyewe si ya ajabu. Maji ya bomba na sabuni kwanza, brashi ya plastiki. Madoa yakigoma unatumia siki nyeupe, au asidi laini ya fosforiki au oksaliki iliyozimuliwa, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Unaanzia chini kupanda juu ili isiache michirizi, kivulini, isikaukie hapo, kisha maji ya bomba mengi mpaka uchoke. Ukitaka rangi, praima ya epoksi kwanza, juu yake rangi isiyo na shaba. Na nyie mnaojiandaa kunishauri dawa za kung'arisha rimu, nyingine zina asidi ya hidrofloriki, inapenya ngozi na kushambulia mpaka mfupa. Kaeni nazo.

Ninachotafuta ni mchomeleaji wa gesi ya argoni hapa Dar aliyewahi kugusa alumini ya boti, anayeelewa ukimtajia 5083 au 5052, namba za aina za alumini ya boti. Wale wa kuchomelea mageti tafadhali msinitumie. Anipe bei ya kuondoa riveti sita na kuweka kiraka kama futi moja.

Fundi kasema Jumamosi anakuja kuchukua bakaa yake. Aje. Nimemtunzia lile dumu, bado lina nusu, na sufuria moja ya alumini, mpya, ya kwake. Atamimina mwenyewe, mbele ya watu.