Mkuu wa jeshi la Malta ni Brigedia tu?

Wakuu, naomba ufafanuzi. Kwa nini Malta haina Jenerali, na mbona maofisa wa meli zake wanaitwa Meja na Kapteni?

Jibu 1
Jeshi lenyewe lina watu takriban 2,000, kwa hiyo Brigedia anatosha kabisa. Chini yake kuna Kanali, kisha Luteni Kanali wanaoongoza rejimenti, yaani vikosi vikubwa. Cheo hufuata ukubwa wa kikosi: platuni (kikosi kidogo) ni ya Luteni, kombania (platuni kadhaa) ni ya Meja. Ukiweka Majenerali watatu hapo, watamwamuru nani?

Jibu 2
Kuhusu meli: Malta haina jeshi la majini linalojitegemea. Kikosi cha majini na cha anga vimo ndani ya jeshi moja, vyeo vyote ni vya nchi kavu. Hapo ndipo watu wanapokosea itifaki. Kapteni wa Malta ana nyota tatu begani, yuko chini ya Meja. Kapteni wa jeshi la majini la Uingereza ni sawa na Kanali. Ukiwapanga meza moja kwa jina la cheo, umemkosea heshima mmoja wao.

Muulizaji
Na cheo cha Bombadia?

Jibu 2
Ni Koplo. Jina ni urithi wa kikosi cha mizinga cha Waingereza.