Chemba ya vakyumu imekwama 0.08 mbar: nianze kusaka wapi?

Mtambo_B:
Habari wakuu. Nina tanuri la vakyumu: chemba ya lita 500, mlango wa kipenyo cha sm 60, pampu ya rotari ya mafuta ikisaidiwa na Roots (pampu ya pili ya kuongeza kasi ya kunyonya). Kasi halisi ya kunyonya kwenye mdomo wa chemba ni kama lita 70 kwa sekunde. Likiwa zima hufika 0.005 mbar. Sasa linakwama 0.08 hata likinyonywa saa tatu. Oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya mlango imebadilishwa, hali ni ileile. Nimeshauriwa kukodi kigunduzi cha heliamu, mashine inayonasa heliamu ikipulizwa nje na kupenya ndani. Ndiyo njia ya kuanzia?

La pili: laini ya nitrojeni inayolisha tanuri, mita 140, sehemu ndogo imefukiwa. Jioni ilijazwa bar 6, asubuhi geji inasoma 5.8. Nayo inavuja?

Geji_Kavu:
Mkuu, usikodi kitu kabla hujajua kama kweli panavuja na panavuja kiasi gani.

Anza na pampu. Funga valvu kuu kati yake na chemba, usome geji iliyo upande wa pampu. Zikishindwa kushuka zenyewe, chemba haina kosa. Mara nyingi ni valvu ya gesi balasti (inayoingiza hewa kidogo kwenye pampu ili kutoa mvuke) iliyoachwa wazi, mafuta yaliyoingia maji, au sili ya shafti ya Roots.

Pampu zikiwa safi, nyonya chemba hadi mwisho wake, funga valvu kuu, kisha andika presha kila dakika. Tumia geji ya kiwambo, inayopima msukumo wa gesi yenyewe, kama unayo. Geji ya Pirani hupima joto linalobebwa na gesi, kwa hiyo mvuke wa maji huipotosha.

Presha ikipanda kwa mstari ulionyooka, hewa inaingia kutoka nje. Ikipanda haraka kisha ikalala, ni mvuke unaotoka kwenye kuta, mafuta au insulesheni iliyofyonza unyevu. Ikilala karibu na mbar 23 na chemba ina nyuzi joto 20, shuku maji ya kupoza, maana hiyo ndiyo presha ya mvuke wa maji kwenye joto hilo.

Kuna pia uvujaji wa uongo: hewa iliyonaswa chini ya skrubu kwenye tundu lisilotokea upande wa pili. Heliamu haitauona kamwe, kwa sababu hauna njia ya kutoka nje. Dawa yake ni skrubu iliyotobolewa katikati.

Mtambo_B:
Pampu peke yake: 0.003. Chemba baada ya kufunga valvu, kwa geji ya kiwambo: mwanzo 0.08, dakika ya 1, 0.78, ya 2, 1.48, ya 3, 2.19, ya 4, 2.89, ya 5, 3.59. Nimefunga maji ya kupoza na kuyapuliza mabomba yake hadi yakauke, namba hazikubadilika.

Sili_na_Shafti:
Mstari umenyooka, ni hewa ya nje. Lita 500 × 3.51 ÷ sekunde 300 = 5.85 mbar·lita kwa sekunde. Hakikisha kwa njia ya pili: lita 70 × 0.08 = 5.6. Majibu yanakubaliana, na hilo linatia moyo sana. Ni karibu sentimita 6 za ujazo za hewa ya kawaida kila sekunde, sawa na tundu moja safi la kipenyo cha mm 0.2.

Kwa ukubwa huo heliamu ingoje. Hewa yenyewe ina heliamu sehemu 5 hivi kwa milioni, kwa hiyo kabla hujapuliza chochote, uvujaji huu unaipa mashine ishara ya takriban 3×10⁻⁵ mbar·lita kwa sekunde. Matundu madogo yatamezwa humo.

Tumia Pirani na alkoholi ya isopropili. Tanuri liwe baridi, umeme wa hita umezimwa, pasiwe na cheche, hewa ipite. Pampu zikiendelea kunyonya, paka kwa brashi ungio moja tu, kisha subiri. Chemba yako hujibu kwa 500 ÷ 70, yaani sekunde 7, hivyo ipe 20 kabla ya kuhamia pengine. Ukiharakisha, utalaumu flanji isiyo na hatia. Usomaji ukiruka juu, mvuke umeingia. Ukishuka ghafla, kimiminika kimeziba tundu. Zote mbili ni dalili.

Anza na vinavyozunguka na vinavyopata joto: sili ya shafti ya feni, mapito ya thermokapo (vipima joto), shina za valvu, belozi (mabomba ya mikunjo yanayonyumbuka). Weldi ziwe za mwisho. Oringi mpya haiondoi shaka mlangoni: pitisha ukucha kwenye mfereji wake. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa oringi si kitu, ila unaokatiza kutoka nje kwenda ndani ni njia kamili ya hewa, hata ukiwa mwembamba kama unywele.

Usijaze presha ndani ili upake povu la sabuni. Bar 0.2 tu kwenye mlango wako ni msukumo wa uzito wa kilo 570 na zaidi, na klampu za mlango wa vakyumu mara nyingi hazikuundwa kwa hilo.

Ukishaliziba hilo kubwa na mstari ukaonyesha bado kuna kidogo, hapo heliamu. Puliza kuanzia juu, maana hupanda; ukianza chini itaingilia tundu la juu. Mpulizo uwe mdogo: ncha ya hosi ikiwa kwenye glasi ya maji, mapovu yatoke mojamoja. Usikawie kwenye oringi. Mpira huipitisha polepole, na ishara inayopanda taratibu baada ya dakika kadhaa si tundu.

Laini_Ndefu:
Nijibu la nitrojeni. Ulipima joto la bomba? Chukua mfano: jioni nyuzi 30, asubuhi 22. Bar 6 za geji ni 7 kamili, ukijumlisha bar 1 ya hewa ya nje, na nyuzi hizo kwa kelvini ni 303 na 295. 7 × 295 ÷ 303 = 6.82, yaani geji itasoma 5.82 bila tone kutoka. Kilichobaki, geji ya kawaida haiwezi kukiona.

Rudia kwa saa 24, usome saa ileile, na joto ulipime kwenye chuma chenyewe, juu ya ardhi na kwenye shimo la valvu, kwa kuwa kipande kilichofukiwa hakipoi sawa na kilicho nje. Ikishuka bado, paka sabuni maungio ya juu kwanza. Isiwe na amonia kama fitingi ni za shaba nyeupe, kwani huzipasua. Yakiwa mazima, jaza mchanganyiko wa haidrojeni 5% na nitrojeni 95%, ambao hauwaki, toboa mashimo ya nusu mita kila mita 2 juu ya njia ya bomba, kisha nusa kwa kigunduzi cha haidrojeni. Shimo lenye usomaji mkubwa si lazima liwe juu ya tundu: gesi hufuata mchanga uliolegea pembeni mwa bomba, kwa hiyo toboa mengine mawili kila upande kabla ya kuchimba.