Babu wa zamani na babu wa sasa: tumtii yupi?

Muulizaji, Wete

Assalaam alaykum. Babu yetu ana konde la mikarafuu. Zamani, akili yake ikiwa timamu, alitukusanya mbele ya mashahidi akasema konde lisiuzwe kamwe, hata kama siku moja yeye mwenyewe ataagiza liuzwe. Sasa uzee umemwondolea kumbukumbu, na kila asubuhi anasisitiza tumtafutie mnunuzi. Je, aliyesema mwanzo na anayesema sasa ni mtu mmoja? Na ikiwa ni mmoja, kwa nini neno la sasa lisilifute la kwanza, kama ambavyo kila mtu hubadili mawazo?

Jibu la kwanza, Unguja

Waalaykumu salaam. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye chapa ya pili ya kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, alitenganisha mwili ulio hai na nafsi inayojitambua na kuyakumbuka matendo yake kuwa ni yake. Kwa kipimo hicho, mwili ni ule ule lakini aliyetoa agizo hayupo tena. Matokeo yake ni mazito kuliko mnavyodhani, kwa sababu ikiwa yule si huyu, basi mnashikilia amri ya mtu baki juu ya mali ya mwenzake.

Jibu la pili, Chake Chake

Hapo napingana na Locke, na si mimi wa kwanza. Mwaka 1785 mwanafalsafa wa Uskoti Thomas Reid alieleza habari ya mtoto aliyechapwa kwa kuiba matunda, akakua akawa ofisa shujaa anayekumbuka kuchapwa kule, kisha akawa jenerali anayekumbuka ushujaa wake ilhali viboko amevisahau kabisa. Kwa kipimo cha kumbukumbu, jenerali ni yule ofisa na ofisa ni yule mtoto, lakini jenerali si yule mtoto, jambo ambalo haliwezekani. Tena kumbukumbu haiondoki yote kwa pamoja. Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, alipofundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, alizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila mara alidhani ndiyo kwanza anaiona kazi ile. Mpeni babu karafuu mbichi mtazame.

Muulizaji

Ni kweli. Tukizimwaga jamvini huzikonyoa shada kwa shada, karafuu huku na makonyo kule, bila hata kutazama, na mjukuu akichanganya humkaripia. Kisha huuliza konde hili ni la nani.

Jibu la tatu, Mkoani

Basi ni yeye yule, lakini hilo peke yake halimalizi shauri. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alitoa mfano wa kijana wa Kirusi anayetarajia kurithi ardhi kubwa, ambaye anaandika hati ya kuwagawia wakulima, kisha anamwapisha mkewe asikubali hati ifutwe hata yeye mwenyewe akija kuomba hivyo baadaye. Mrusi yule alipofika umri wa makamo alikuwa na akili zake, alibadilika maadili tu, ndiyo maana kesi yake ni ngumu kuliko yenu. Babu yenu hakupima upya akaona vingine. Anaagiza kuuzwa kwa kitu asichojua kuwa ni chake, na katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, uuzaji wa mtu asiye na akili timamu hausihi. Kwa hiyo konde lisiuzwe. Hata hivyo, msimwone babu wa sasa kuwa kivuli cha yule wa zamani, kwani njaa na wasiwasi wa leo ni wake yeye. Ulizeni kwa upole fedha hizo anazitakia nini. Ikiwa ni haja ya kweli, changishaneni mumtimizie kabla ya msimu wa kuchuma.